APRSdroid

APRSdroid ni programu huria ya simu za Android. Mwendeshaji wa redio ya ridhaa huitumia kutangaza mahali alipo na kuwaona wenzake kwenye ramani. Hufuata mfumo wa APRS, uliobuniwa na Mmarekani Bob Bruninga (alama ya wito WB4APR).

Matayarisho

Mtumiaji huandika kwanza alama ya wito aliyopewa pamoja na leseni. Za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z. Huongeza namba ya kutofautisha vituo vyake: kwa desturi 9 ni gari, 7 ni redio ya mkononi. Kupitia intaneti huhitajika pia namba ya siri, ingawa si siri hasa, maana hukokotolewa kutokana na alama ya wito yenyewe.

Pasipo intaneti, simu huunganishwa na redio kwa waya wa sauti au Bluetooth. Ulaya hutumia masafa ya MHz 144.800, Marekani na Kanada 144.390. Njia hii ndiyo yenye manufaa zaidi milimani au wakati wa maafa, minara ya simu inapozimika.

Usiri

Taarifa za APRS hazifichwi, na tovuti kama aprs.fi huzihifadhi. Asiyetaka nyumba yake ijulikane huzima utangazaji kabla ya kufika.