Lugha ya kanuni: mfumo wa mafuta katika mbio za magari za ridhaa

Mashindano ya ridhaa ni yale ambayo mshiriki hayafanyi kuwa ajira. Katika mbio za magari, mfano unaofahamika ni chama cha Marekani kiitwacho Sports Car Club of America, kilichoasisiwa mwaka 1944. Mojawapo ya makundi yake, lenye madaraja ya E, F na H, ni la magari yaliyoundwa kwa wingi kwa ajili ya barabara za kawaida, kisha yakaandaliwa kwa mbio. Kuyaita “magari ya uzalishaji” ni kosa la kufasiri neno kwa neno, kwani uzalishaji ni kazi ya kiwanda, si sifa ya gari. “Magari yenye asili ya kiwandani” hueleweka vizuri zaidi.

Mfumo wa mafuta wa gari la namna hii una tangi, paipu, chujio, pampu, na kabureta au injekta. Kanuni zake hulinda mambo mawili: usawa na usalama. Injini hupata nguvu kwa kuchoma petroli iliyochanganyika na hewa, na petroli ikizidi hewa iliyopo haiongezi nguvu. Kwa sababu hiyo kabureta, inayopitisha vyote viwili, hubanwa na kanuni kuliko pampu, ambayo husukuma petroli tu.

Ugumu wa kwanza kwa mfasiri ni neno “mafuta” lenyewe. Hutumika kwa petroli, dizeli, kilainishi cha injini, mafuta ya taa na hata mafuta ya kupikia. Agizo “Angalia mafuta” laweza kumpeleka fundi kwenye geji ya tangi au kwenye kijiti cha kupimia oili. Kanuni inaposema kwamba sampuli itachukuliwa ili kubaini viongezi visivyoruhusiwa, iandikwe “petroli”. Kilainishi kiitwe “oili”. Neno “mafuta” libaki katika jina la mfumo mzima, ambamo halitatanishi.

Ugumu wa pili ni jina la tangi la mashindano. Tangi hili ni mfuko wa mpira ulioimarishwa kwa nyuzi, uliowekwa ndani ya kasha gumu na kujazwa sponji. Gari likigongwa, mfuko hubonyea badala ya kupasuka, nayo sponji hupunguza msukosuko wa petroli. Viwango vyake huwekwa na Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA. Mojawapo ni FT3. Jina lake la Kiingereza likifasiriwa kijuujuu huwa “seli ya mafuta”, na msomaji hudhani linahusu kifaa cha kuzalisha umeme kwa haidrojeni. “Tangi la usalama” halina utata huo.

Ugumu wa tatu, na wenye hatari zaidi, umo katika vitenzi. “Pampu inaweza kubadilishwa” hueleza uwezekano na ruhusa kwa pamoja. “Inaruhusiwa kubadilisha pampu” hueleza ruhusa pekee. Ukanushaji nao una mtego. Chukua kanuni inayokataza paipu ya petroli ya mpira mtupu kupita ndani ya chumba cha dereva bila kukingwa kwa metali. Anayeandika “Si lazima paipu ikingwe” amegeuza katazo kuwa hiari, na paipu hiyo ikikatika, petroli humwagika karibu na dereva. Tafsiri sahihi ni “Ni lazima paipu ikingwe” au “Ni marufuku kupitisha paipu isiyokingwa”. “Si lazima” huondoa wajibu, haikatazi.

Uzito wa jambo hili huongezeka kwa sababu ya msingi unaotawala kanuni za chama hicho: badiliko ambalo halikuruhusiwa waziwazi limekatazwa. Kwa hiyo kirai kimoja kikiachwa katika tafsiri, ruhusa halali hupotea. Kikiongezwa, mshindani huenguliwa kwa kufuata maneno ambayo kanuni haikuyasema.

Njia nzuri ya kuipima tafsiri ni kuisoma bila matini asilia mkononi, na kujiuliza fundi aliye na maneno hayo tu atafunga nini, atabadilisha nini na ataacha nini. Likipatikana zaidi ya jibu moja, sentensi hiyo iandikwe upya.