Risasi Ipi kwa Nyati?

Marehemu ami yangu, Mungu amrehemu, alibeba bunduki za wawindaji huko Voi mpaka serikali ilipopiga uwindaji marufuku mwaka 1977. Kazi yake ya pili ilikuwa kisu. Mnyama akianguka, yeye hukimbia, bismillahi mdomoni, amchinje kabla roho haijatoka. Akichelewa huwa kibudu, na Waislamu wa kambi hula ugali mtupu.

Utadhani basi alipenda risasi dhaifu, mnyama afe polepole. La hasha! Risasi dhaifu humpeleka mnyama kichakani akafie huko usiku. Ami alitaka ile ipenyayo hadi mapafuni. Mnyama huenda hatua chache, akalala, na kisu kikamdiriki.

Risasi zilikuwa za namna mbili. Ya ncha laini hutanuka inapogonga na kufanya jeraha pana. Hiyo yamfaa choroa au tandala. Ya ganda gumu haitanuki, hupasua mfupa ikaenda mbele. Mgeni mmoja alimpiga nyati begani kwa ncha laini, tena kwa bunduki ndogo. Risasi ikavunjika vipande mfupani. Nyati akaingia kichakani, na aliyetangulia kufuata damu ni ami.

Wapendao bunduki ndogo hupenda kumtaja Mskoti W.D.M. Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya .275 yenye risasi ya gramu 11 hivi, wakati wenziwe walibeba .600 yenye risasi ya gramu 58. Ni kweli. Lakini Bell alitumia ganda gumu, na alikata fuvu la ndovu kwa msumeno ajue ubongo ulipo. Mgeni wa majuma mawili hana elimu hiyo. Kwake yeye naona afadhali .375 ya Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1912, ambayo risasi yake ina gramu 19 hivi na teke lake lavumilika.

Nyati yule alipatikana kesho yake, kibudu. Ami alirudi kambini amevunjika mkono wa kushoto, na haukunyooka tena; akileta takbiri ulifika kifuani tu. Tangu siku hiyo, kila alfajiri kabla ya kutoka, alimwomba mgeni afungue mkoba, akazitazama ncha za risasi moja moja.