Ufunguo wa Stoo ya Dawa: Kumfundisha Mfamasia wa Majaribio kwa Njia ya Mtandao

Mwanafunzi wa Unyambwa, katika Manispaa ya Singida, asikiapo kwamba dawa mpya "imejaribiwa", aghalabu humfikiria daktari na mgonjwa wake. Ni nadra kumkumbuka mtu wa tatu, akaaye nyuma ya mlango wenye kufuli. Huyo ni mfamasia wa jaribio, na uzembe wake waweza kuharibu kazi ya miaka mingi.

Mfano mzuri ni jaribio la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, lililofanyika tangu 2009 hadi 2014 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Tanzania ilikuwa na vituo viwili, Bagamoyo na Korogwe. Watoto walioandikishwa walikuwa 15,459. Baadhi yao walipewa chanjo ya malaria; wengine, kwa ajili ya kulinganisha, walipewa chanjo ya ugonjwa mwingine. Nani apate ipi iliamuliwa kwa nasibu, na si mzazi wala daktari mpimaji aliyetakiwa kujua. Lakini chanjo hizo hazikufanana kwa sura. Kwa hiyo walioziandaa na kuzichoma hawakushiriki kuwapima watoto, na bomba la sindano lilifunikwa kwa utepe usiopenyeka kwa macho. Siri hiyo ingalivuja, daktari angaliweza, hata bila kukusudia, kuwachunguza watoto wa kundi moja kwa jicho kali kuliko wa kundi la pili, na matokeo yote yangalitiliwa shaka. Chanjo hiyo ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021.

Licha ya siri kuna baridi. RTS,S hutunzwa katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikiganda huharibika, na ikishachanganywa hapana budi itumike ndani ya saa 6. Tena kuna hesabu. Kama stoo ilipokea chupa 120, zikatumika 87 na kuvunjika 2, rafuni zatakiwa 31. Zikionekana 30, kazi husimama mpaka ile moja ijulikane ilikokwenda.

Kwa desturi mambo haya hufundishwa kwa kuwakusanya watumishi mjini kwa siku kadhaa. Tatizo ni kwamba katika kituo kidogo mtunza dawa huwa mmoja tu: akisafiri, ama ufunguo husafiri naye, ama hubaki kwa mtu asiyefundishwa. Ndiyo sababu mafunzo ya mtandaoni yanafaa. Lakini kuyatunga si kupiga picha kitabu na kukiweka kwenye kompyuta. Somo liwe fupi, liweze kupakuliwa mtandao unapopatikana na kusomwa baadaye, tena limpe mwanafunzi uamuzi wa kufanya. Aonyeshwe, mathalani, chati ya jokofu iliyopanda hadi nyuzi 11 usiku wa Jumamosi, kisha aulizwe: afanyeje? Wengi hujibu haraka kwamba dawa itupwe. Sivyo. Dawa hutengwa mahali penye baridi ipasayo, huwekwa alama isitumike, taarifa hupelekwa kwa wenye jaribio, na jibu lao husubiriwa. Kuitupa ni kosa, na kuitumia ni kosa kubwa zaidi.

Lugha nayo ni jambo la kufikiriwa. Mengi ya mafunzo haya huandikwa kwa Kiingereza, ilhali mzazi huelezwa jaribio kwa Kiswahili. Mtunza dawa ajuaye istilahi za lugha moja tu hukwama katikati.

Hata hivyo, mtandao haushiki bomba la sindano. Kuchanganya chanjo bila kuichafua, na kuubandika utepe usiache mwanya, ni kazi za mkono, na mkono hutazamwa na mkufunzi aliyesimama karibu. Kwa hiyo mpango wenye busara huacha nadharia, hesabu na mitihani mtandaoni, halafu humtuma mkufunzi kituoni kwa siku moja au mbili, wakati mtunza dawa angali kazini na ufunguo wake mfukoni.