Si kila uchovu ni 'mabaki ya korona'!

Wiki hii mapenzi na fasheni tuviweke kando kidogo. Nina habari ya dada yangu, na mwenyewe kaniruhusu niiseme.

Dada ni msusi, kijiwe chake kipo uani kwetu. Mwaka 2021 aliugua korona, enzi zile mtaani tukiita "changamoto ya kupumua". Akapona, akarudi kwenye rasta zake. Miezi michache baadaye mambo yakaanza. Asubuhi anasuka freshi tu, lakini akifika mteja wa tatu mikono inaanguka yenyewe. Jioni kope zinashuka, daladala moja anaiona mbili. Chapati anaitafuna mpaka taya linachoka.

Wambeya nao hawakulala: eti siku hizi anapiga gongo, si unayaona macho yale? Sisi wa nyumbani tukajifanya wataalamu: "Hayo mabaki ya korona, yatakwisha." Mama akamfukiza nyungu, kila akitoka kwenye blanketi yuko hoi zaidi. Mimi nikamnunulia sipro duka la dawa, bila cheti cha daktari. Hata zahanati tulikokwenda, wakisikia neno korona tu, basi, maswali yamekwisha.

Siku maji ya kunywa yalipompalia yakatokea puani, tukashtuka. Mbio hospitali kubwa.

Dokta akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: "Asubuhi unakuwaje, na jioni unakuwaje?" Akamwambia atazame juu, asishushe macho. Kope zikateremka taratibu kama pazia. Akamwekea barafu juu ya jicho dakika mbili hivi. Jicho likafunguka! Mama akabaki mdomo wazi. Kisha vikafuata vipimo vya damu.

Ugonjwa unaitwa miasthenia gravisi. Kinga ya mwili inageuka adui, inashambulia pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli. Ubongo unaamuru, msuli unasikia nusunusu. Ukipumzika nguvu zinarudi, ukiutumikisha zinakwisha. Joto linaweza kuuzidisha, na dawa kama kwinini na sipro vilevile. Kumbe mvuke wa mama na vidonge vyangu havikuwa msaada hata kidogo! Siku ile nilitamani ardhi ipasuke.

Sikatai, korona ya muda mrefu ipo na inatesa watu. Lakini Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipoieleza Oktoba 2021 liliweka sharti: dalili zisiwe zinaelezeka kwa ugonjwa mwingine. Maana yake, huo mwingine utafutwe kwanza.

Kwa hiyo kama kope zinaanguka, unaona vitu viwiliviwili, unapaliwa ovyo au mikono inaisha nguvu kila unapoitumia, mwambie daktari hivyo hivyo, na saa zinapokuzidi. Pumzi ikianza kuwa ya shida, usingoje kesho, maana misuli ya kupumua nayo huguswa, na hapo mtu anaweza kufa.

Dada sasa anameza pairidostigmini kwa saa zake. Hajapona kabisa, ila kijiwe kimefunguliwa, wateja wa asubuhi kwanza.

Na wewe wa dirishani, ukiona macho ya mwenzio yamelegea, usikimbilie kusema kalewa. Mimi ninayekula naye sahani moja nilikosea, sembuse wewe?

Tukutane wiki ijayo.