Usiombe "ndiyo" ju ya plani yenye watu hawawezi kusoma

Leo nazungumza ju ya kitu kinachotugusa wote wenye diplome: namna ya kuonyesha watu kazi yenye tunataka kufanya kwao, mbele haijaanza.

Plani ni lugha. Mstari mnene ni ukuta. Mistari myembamba ikikaribiana, pale mteremko ni mkali. Sisi maagronomu tulifundishwa kuisoma. Mama anayeuza ndizi sokoni hakufundishwa. Wanamutandikia karatasi, wanauliza: "Munakubali?" Anaitika kwa heshima. Siku kazi inaanza, anaona mufereji unapita ndani ya parseli yake. Fujo! Hakukataa mbele ju hakuona kitu.

Realite ogmante njo inajaribu kuziba pengo hilo. Kamera ya telefone inashika alama ndogondogo za mahali: pembe ya jiwe, doa la ukuta. Vipimo vya ndani vinahisi namna telefone inasogea na kugeuka. Programu inaunganisha hayo mawili, halafu inasimamisha jengo la mchoro palepale chini. Ukizunguka, halikufuati, linabaki mahali pake. Toka mwaka 2017, Apple na Google walitangaza ARKit na ARCore kwa watengeneza programu, ndiyo maana leo telefone nyingi zinaweza kazi hii bila miwani ya bei kali.

Afrika imejaribu. Mwaka 2012 UN-Habitat na kampuni Mojang walianza Block by Block: wakaaji wenyewe wanajenga mawazo yao ndani ya mchezo Minecraft. Kibera, kule Nairobi, ilikuwa kati ya mahali pa kwanza. Kisha Johannesburg, mtaa wa Braamfontein, UN-Habitat na Ericsson wakasogeza mbele: watu walichora, halafu wakasimama barabarani penyewe kuangalia michoro yao kwa ukubwa wa kweli.

Sasa fikiria Bukavu, na milima yake na mifereji inayokula udongo kila mvua. Hapa nasema kama agronomu: picha inaweza kudanganya vizuri sana. Miti yake iko mikubwa tangu siku ya kwanza, wakati muti wa kweli unaomba miaka. Majani ni mabichi hata kiangazi. Mvua hainyeshi, udongo hauteremki, takataka hazizibi mufereji.

Tena GPS ya telefone inaweza kukosea metre kadhaa. Katika avenyu zetu zilizobanana, hiyo ni nyumba ya mtu. Kwa mipaka, muite mpimaji wa kadastre.

Kwa hiyo, ukipewa kazi hii, fanya hivi:

1. Pakua mchoro nyumbani, usitegemee intaneti ya mlimani.
2. Onyesha picha tatu: siku ya kumaliza, miaka mitano nyuma yake, na siku ya mvua kubwa.
3. Pitisha telefone mkono kwa mkono, wazee na wamama kwanza.
4. Andika wanachokataa, si wanachosifu tu.

Teknolojia haileti haki yenyewe. Lakini mtu akiona mufereji mbele ya mlango wake leo, anaweza kusema "hapana" wakati bado inafaa, mbele ya sululu kugusa udongo. Ninyi mulisoma arkitektira ao ingenieri, munaona namna gani? Tuendelee chini hapa.