Picha tatu kwa kubonyeza mara moja



Mnakumbuka ile familia ya jirani zetu iliyosafiri kwenda Marekani? Jioni moja kabla ya basi kufika walituomba sisi walimu wa kujitolea tuwapige picha pamoja na bibi yao, maana bibi alikuwa anabaki. Tukawasimamisha mbele ya turubai jeupe, jua likiwa bado kali. Tulipiga moja tu. Kwenye kioo kidogo cha kamera ilionekana safi. Tulipoifungua kwenye kompyuta, turubai linang'aa, nyuso zote nyeusi ti! Bibi akatuuliza, "Walimu, huyu ni mimi au ni kivuli changu?" Na wenyewe walishaondoka.

Kosa lilikuwa letu. Kamera haijui yupi ni bibi na lipi ni turubai. Inapima mwanga wote na kutaka kuuweka katikati. Ikiona weupe mwingi inapunguza, na sura zetu ndizo zinazozama gizani.

Kumbe dawa ilikuwa ndani ya kamera ileile. Ni Canon PowerShot G9, kamera ndogo iliyotoka mwaka 2007. Ukitafuta AEB kwenye menyu, inapiga picha tatu mfululizo: moja kwa mwanga iliopima yenyewe, moja yenye giza zaidi, moja yenye mwanga zaidi. Tofauti unaichagua wewe, mpaka hatua 2, na kila hatua ni mwanga mara mbili au nusu yake. Kwa jua la hapa anza na hatua 1. Usiwashe flashi. Na watu wasigeuke mpaka picha ya tatu ipite. Mkiwa na watoto wadogo, hapo ni kazi kweli!

Iko nyingine, Focus-BKT. Hii inabadilisha umbali: moja pale ulipopanga kwa mkono, moja karibu zaidi, moja mbali zaidi. Kwa watu waliosimama mita tatu haina faida kubwa, kamera ndogo huona wazi mbele na nyuma. Ila kwa kitu cha karibu sana inaokoa. Baba mmoja alituletea picha pekee aliyo nayo ya marehemu mke wake, imekunjika, inamenyeka pembeni, akitaka nakala kabla mvua haijaimaliza. Tuliiegemeza ukutani karibu na mlango, kamera juu ya matofali mawili. Moja ilitoka ukungu, moja nusunusu, na moja hata maua ya kitenge yanahesabika. Baba alikaa nayo kimya muda mrefu.

Betri na kadi zinaliwa mara tatu, na shida ya kuchaji mnaijua. Kwa hiyo tunaitumia kwa picha isiyoweza kurudiwa.

Bibi naye tulimwita tena, safari hii peke yake, kivulini. Tulimwonyesha zote tatu. Akachagua ile yenye mwanga zaidi: "Hii ndiyo mwatumie wajukuu." Imeshatumwa.

Wenye picha za zamani, njooni nazo shuleni Alhamisi baada ya vipindi. Msizikunje tena.