Kaseti 728,000, na hesabu ambayo haijafunga

Takwimu inayorudiwa sana katika historia ya biashara ya gemu za video imetoka kinywani mwa mtu mmoja. Ni ofisa wa zamani wa kampuni iliyolifungua soko hilo Marekani, aliyesema kuwa mwaka 1983 alisimamia kufukiwa kwa kaseti 728,000 katika dampo la Alamogordo, New Mexico. Aliyasema hayo mwaka 2014, dampo lilipofukuliwa. Zilizotolewa ni takriban 1,300. Nyingine ziliachwa, kwa maelezo kwamba zimezama kina kirefu kuliko ilivyodhaniwa.

Huenda hesabu yake ni ya kweli. Lakini kampuni hiyohiyo, malori yalipokuwa yakimwaga mzigo, ilieleza kwamba sehemu kubwa ilikuwa bidhaa mbovu. Wafukuaji walikuta humo gemu zilizowahi kutamba sokoni, baadhi zikiwa bado ndani ya maboksi yake. Kwa hiyo anayetafuta chanzo cha anguko la kampuni hiyo asianzie dampo. Aanzie kwenye orodha ya mishahara.

Kampuni ilianza mwaka 1972 huko California, na mashine yake ya sarafu ya mpira wa meza ikashika kasi katika mabaa. Mwaka 1976 iliuzwa kwa kampuni kubwa ya burudani kwa takriban dola milioni 28. Mwaka uliofuata ikatoa mashine ya nyumbani ya kubadilisha kaseti, na hapo fedha zikaanza kuingia kwelikweli.

Mmoja wa waandishi wa programu wa enzi hizo amesimulia mara nyingi kilichowaudhi. Idara ya masoko iliwasambazia karatasi inayoonyesha kila gemu imeuza kiasi gani, ili waige zinazouzika. Yeye na wenzake watatu wakapiga hesabu: kati ya mauzo ya kaseti ya dola milioni 100, gemu zao zilikuwa zimeingiza milioni 60. Mshahara wa kila mmoja ulikuwa dola 20,000 hadi 30,000 kwa mwaka. Majina yao hayakuwekwa popote kwenye boksi, wala hawakuwa na mrabaha. Walipokwenda kwa mkubwa, kwa maelezo yake, waliambiwa mchango wao haumzidi mfanyakazi anayeunganisha kaseti kiwandani. Mwaka 1979 waliondoka na kuanzisha kampuni yao ya kutengenezea kaseti mashine ileile.

Malalamiko hayo yanaeleza mengi kuliko ripoti yoyote ya wakurugenzi. Kampuni waliyoiacha ilikimbilia mahakamani. Shauri likaisha mwaka 1982 kwa makubaliano ya malipo ya mrabaha, na wengine wakaona njia iko wazi. Kaseti hafifu zikafurika madukani. Muuza duka alipotaka kurudisha mzigo, wengi wa wasambazaji wapya hawakuwa na fedha za kumrudishia, naye akauza kwa bei ya kutupa.

Wakati huohuo kampuni hiyo ya awali iliagiza bidhaa kwa matumaini. Inatajwa kwamba ilitengeneza kaseti milioni 12 za Pac-Man, idadi inayokaribia au kuzidi mashine zote zilizokuwa majumbani. Gemu ya E.T. ilipewa mwandishi mmoja na takriban wiki tano ili iwahi Krismasi. Hadi Desemba 1982 wenye hisa walikuwa wakiahidiwa ukuaji wa asilimia 50. Siku ukweli ulipotangazwa, hisa za kampuni mama ziliporomoka. Hasara ya 1983 ilipita dola nusu bilioni, na mwaka 1984 kampuni ikagawanywa na sehemu yake kuuzwa.

Biashara yenyewe ilifufuka, safari hii ikiongozwa kutoka Japani, kwa leseni kali za kudhibiti nani atengeneze kaseti na ngapi. Leo udhibiti huo uko kwenye maduka ya programu za simu, yaliyozoea kukata hadi asilimia 30 ya mauzo. Watengenezaji wadogo sasa hukatwa karibu nusu ya hapo, na wenye maduka husema unafuu huo unawasaidia. Kwa kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anayeandika gemu ya simu, hilo linaweza kuwa kweli akipata wanunuzi wengi. Asipowapata, asilimia 15 ya mauzo kiduchu haibadilishi mengi, na kuhusu namna gemu yake itakavyoonekana miongoni mwa maelfu ya nyingine, maduka hayo hayaahidi chochote.